Jina la Uga ni la Mashine, Lebo ni ya Msomaji

Katika kazi ya ripoti, ombi ninalolipokea mara nyingi kuliko mengine ni fupi: "Hebu tubadilishie jina la hii safu." Anayeomba ana haki yake. Amefungua ripoti akakuta safu imeandikwa tar_mw_malp, na hana njia ya kujua kama hiyo ni tarehe ya mwisho ya kulipa au ni tarehe ya malipo ya mwisho. Moja inaeleza mdaiwa ana muda mpaka lini, nyingine inaeleza mara ya mwisho alipotoa fedha. Anayezichanganya anaweza kumwandikia barua ya madai mtu asiyedaiwa chochote.

Ila ndani ya ombi hilo moja mna maombi mawili. Kuna jina la uga (uga ni safu moja ya data ndani ya hifadhidata), lile ambalo hifadhidata yenyewe hulitumia kuutafuta uga huo. Na kuna lebo, maandishi anayoyaona msomaji juu ya safu ya ripoti au pembeni mwa kisanduku cha fomu. Katika programu nyingi vitu hivi huanza vikiwa kimoja: usipoandika lebo, programu huchukua jina la uga na kulitundika juu ya safu lilivyo. Ndipo watu wanapozoea kuviona kama kitu kimoja. Nimeshikilia kwa miaka mingi kwamba kuvitenganisha ni sehemu kubwa ya kutengeneza ripoti inayosomeka, na kwamba lebo inastahili uangalizi uleule tunaoupa hesabu iliyo chini yake.

Nianze na majina, maana yanalaumiwa kuliko yanavyostahili.

Mengi ni mabaya kwa kuwa yalizaliwa mahali pafinyu. FORTRAN 77, lugha kongwe ya programu, iliruhusu herufi 6 kwa jina. SAS, programu ya takwimu, ilibaki na herufi 8 mpaka toleo la 7 lilipofikisha 32. SPSS nayo ilikaa kwenye 8 mpaka toleo la 12. Hifadhidata ya Oracle ilifunga majina kwenye baiti 30 mpaka toleo la 12.2, lililopandisha kikomo hadi 128. Mafaili ya DBF yaliyotokana na dBASE, programu kongwe ya hifadhidata, yaliruhusu herufi 10, na usidhani hiyo ni historia iliyokwisha. Shapefile, muundo wa Esri ambao mpaka leo unabeba ramani nyingi duniani, huhifadhi sifa za maeneo ndani ya faili la DBF. Chukua jedwali lenye nyuga mbili, idadi_wanaume na idadi_wanawake, ulihamishe kwenda shapefile. Hesabu herufi 10 za mwanzo: zote mbili zinakuwa idadi_wana. Programu inalazimika kulibadili la pili liwe kitu kama idadi_wa_1, na kuanzia hapo aliyelipokea faili hawezi kujua wanaume wako safu ipi na wanawake ipi mpaka aliyelituma amweleze. Hakuna tarakimu hata moja iliyopotea, na bado faili halisomeki.

Hifadhidata ya PostgreSQL ni mkarimu zaidi, lakini nayo hukata jina likizidi baiti 63, ikitoa taarifa ndogo ambayo watu wachache huisoma. Kwa SAP, mfumo wa kuendeshea shughuli za makampuni, sababu ni nyingine kabisa. Nyuga zake kongwe zina majina ya Kijerumani yaliyofupishwa: KUNNR ni nambari ya mteja, MATNR ni nambari ya bidhaa au malighafi. Mamilioni ya watu wasiojua neno la Kijerumani wanafanya kazi juu ya nyuga hizo kila siku bila shida, kwa kuwa hawazioni. Kila aina ya data katika SAP hubeba lebo fupi, ya kati, ndefu, na kichwa cha safu, na zote zinaweza kutafsiriwa kwa kila lugha inayotumika. Jina baya lisiloonekana halimdhuru msomaji, na SAP imelithibitisha hilo kwa miongo kadhaa.

Basi kwa nini tusiliondoe tu jina baya tuweke zuri? Jibu liko kwenye mzizi wa hifadhidata zenyewe. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, akiwa IBM, alichapisha andiko lililoweka msingi wa hifadhidata za majedwali tunazozitumia leo. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mtumiaji asilazimike kukumbuka mpangilio wa safu, kwamba ya kwanza ni hii na ya tano ni ile. Azitambue kwa majina. Na pale aina moja ya data inapotokea mara mbili katika jedwali moja, jina lieleze kila safu ina wajibu gani. Kwa mfano wake, kifaa kinapoundwa na vifaa vingine, lazima ijulikane kipi ni kizima na kipi ni sehemu yake. Uhuru huo ulikuja na masharti. Mpangilio ulipoacha kuwa na maana, jina ndilo likabaki kuwa anwani pekee ya data. Ukilibadilisha, umehamisha anwani, na kila aliyekuwa akiituma barua pale sasa anarudishiwa.

Wanaoituma ni wengi kuliko unavyowakumbuka. Kuna maulizo yaliyohifadhiwa ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ripoti zilizoundwa na mtu aliyekwisha kuhama, faili linalotumwa usiku kwa mfumo mwingine, lahajedwali la mkuu wa idara lililounganishwa moja kwa moja na seva. Microsoft Access imejaribu kusaidia kwa kipengele kinachofuatilia mabadiliko ya majina na kuyarekebisha ndani ya maulizo na fomu, lakini hakigusi msimbo ulioandikwa kwa mkono. Hivyo jina linabadilika nusu, nusu nyingine inabaki na la zamani, na kosa linajitokeza siku ambayo msimbo huo utaitwa, pengine mwisho wa mwaka.

Salesforce, mfumo wa kutunza taarifa za wateja, kwa maoni yangu imelipanga jambo hili vizuri kuliko programu nyingi. Ukiunda uga wako, unapewa vitu viwili tangu mwanzo: lebo unayoweza kuibadilisha utakavyo, na jina la ndani linaloishia na __c ambalo mifumo mingine hulitumia. Badilisha lebo mara ngapi utakavyo, viunganishi havitikisiki. Ukitaka kubadilisha jina la ndani, programu inakuonya. Ningependa kila programu ya data imkabili mtumiaji wake hivyo, imfanye aone kwamba vitu ni viwili hata kabla hajajua kwa nini.

Sasa, lebo ikae wapi? Hapa ndipo watu wanapopishana, na ndipo nina msimamo mkali kuliko kwingine.

Mahali pepesi kuliko pote ni ndani ya ulizo lenyewe. SQL ina neno AS, linaloupa uga lakabu kwa muda wa ulizo hilo tu: SELECT tar_mw_malp AS "Tarehe ya malipo ya mwisho". Uga unabaki na jina lake, matokeo yanatoka na kichwa kinachosomeka. Alama za kuzungushia lakabu yenye nafasi hutofautiana. PostgreSQL na Oracle zinataka nukuu mbilimbili, MySQL imezoea alama ya mkwaju mdogo wa nyuma (`), SQL Server hupendelea mabano ya mraba. Ukiacha alama hizo ukaandika MalipoYaMwisho kwa matumaini ya kuokoa muda, PostgreSQL itakurudishia malipoyamwisho yote kwa herufi ndogo, na Oracle itakurudishia MALIPOYAMWISHO yote kwa kubwa.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu pia: ng'. Alama ya juu inayokaa kwenye ng'ombe au ng'ambo ndiyo alama ambayo SQL huitumia kufungua na kufunga maandishi. Andika maelezo ya uga 'Idadi ya ng'ombe waliochanjwa' na hifadhidata itadhani maandishi yameishia kwenye ng, halafu itagoma na kilichobaki. Dawa ni kuirudia alama hiyo mara mbili, 'Idadi ya ng''ombe waliochanjwa', au kuipitisha lebo kwa njia salama ambayo lugha yako ya programu inatoa. Nimewahi kuona watu wakiamua kuandika "ngombe" ili kuepuka usumbufu. Tafadhali usifanye hivyo. Programu ndiyo inayopaswa kuifuata lugha, na alama moja ya ziada kwenye msimbo ni gharama ndogo sana.

Lakabu ya ndani ya ulizo inafaa kwa kazi ya mara moja. Ubaya wake unaonekana ripoti zikiongezeka. Kila ulizo linabeba lebo yake, kila mwandishi anachagua maneno yake, na baada ya muda uga mmoja unaitwa "Malipo ya mwisho" hapa, "Tarehe ya kulipwa" pale, "Siku alipolipa" kwingine. Msomaji mwenye ripoti zote tatu mezani anadhani anaangalia vitu vitatu. Hali ni hiyohiyo lebo zinapoandikwa ndani ya programu ya ripoti. Power BI hukuruhusu kubonyeza mara mbili uga ulioko kwenye mchoro na kuupa jina kwa ajili ya mchoro huo peke yake. Ni huduma nzuri pale nafasi inapobana, na ni chanzo cha vurugu ikigeuka mazoea. Excel ina lake: kwenye jedwali egemeo (pivot table) huwezi kuipa safu ya jumla jina lilelile la uga wa chanzo, inakataa na kusema jina hilo tayari lipo. Watu wamezoea kuongeza nafasi tupu mwishoni mwa neno ili kuipita. Inafanya kazi, lakini "Kiasi" yenye nafasi na "Kiasi" isiyo nayo ni maneno mawili mbele ya mashine, na fomula itakayotafuta moja haitaiona nyingine.

Access inastahili onyo lake peke yake, kwa sababu tabia yake imewapotezea muda watu wengi wenye akili timamu. Ukiujaza uga kichwa kwenye sifa iitwayo Caption ndani ya jedwali, kisha ukaunda ulizo na kuupa uga huo lakabu nyingine, unapofungua matokeo utaona kile kichwa cha jedwali. Lakabu yako ipo na ripoti inaweza kuiita, ila machoni haionekani. Mtu anaweza kurekebisha ulizo asubuhi nzima akidhani halihifadhiki, kumbe kila kitu kimehifadhiwa na kinachoonekana kimetoka ngazi ya chini zaidi.

Msimamo wangu ni huu: lebo ikae karibu na data kadiri inavyowezekana, bila kuingia kwenye jina. Kwa hifadhidata nyingi hilo linamaanisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni maelezo rasmi ya uga. PostgreSQL na Oracle zina amri COMMENT ON COLUMN, MySQL huweka maelezo ndani ya tamko la safu, na SQL Server ina sifa ya ziada iitwayo MS_Description. Maelezo haya hayajitokezi yenyewe kwenye ripoti, lakini yanasafiri na jedwali, yanaingia kwenye nakala rudufu, na mtu atakayefungua hifadhidata hiyo baada yako atayakuta. La pili ni mwonekano, lile jedwali la kufikirika linaloundwa na ulizo lililohifadhiwa. Chini yake majedwali yanabaki na majina yao makongwe, na mwonekano unayatoa kwa majina yanayoeleweka: tarehe_malipo_ya_mwisho badala ya tar_mw_malp. Programu zote za ripoti zinaunganishwa na mwonekano, hakuna inayoruhusiwa kugusa jedwali. Kwa mbinu hii hata mfumo wa chini ukibadilishwa wote, anayeandika ripoti hajui na hana haja ya kujua.

Mle ndani ya mwonekano mimi hutumia herufi ndogo na kistari cha chini, bila nafasi wala alama. Nafasi, herufi kubwa na ng' huziachia lebo ya mwisho, ile inayochapwa.

Yote hayo ni ufundi, na ufundi unafundishika. Ugumu uko kwenye maneno yenyewe.

Katika taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, wakuu wa idara mbili walikaa kikao kimoja kila mmoja na ripoti yake, zote zikiwa na safu iliyoandikwa "Wateja hai". Takwimu zilitofautiana sana. Kikao kizima kikaenda kwenye kukagua fomula, na fomula zote zilikuwa sahihi. Idara ya mauzo ilihesabu kila aliyenunua ndani ya miezi 12 iliyopita. Idara ya fedha ilihesabu kila mwenye akaunti ambayo haijafungwa. Hesabu mbili sahihi chini ya lebo moja. Iliyokuwa "Wateja hai" ya mauzo ikawa "Wateja walionunua ndani ya miezi 12", na ile ya fedha ikawa "Wateja wenye akaunti wazi", mabishano yakaisha bila kugusa mstari wa msimbo. Kilichonikera ni muda uliopotea na imani iliyopungua. Kwa wiki kadhaa baadaye kila takwimu iliyoletwa mezani ilishukiwa, hata zile zisizokuwa na kasoro.

Tangu hapo nikiona lebo ya neno moja nasita. "Tarehe" ya nini: ya kuagiza, ya kutuma, ya kupokea, au siku ambayo karani aliingiza taarifa? "Jumla" kabla ya kodi au baada? "Asilimia" ya nini? Swali hili la mwisho ndilo linaloachwa bila jibu kuliko yote, na asilimia isiyotaja ni ya nini ni tarakimu isiyoweza kuhakikiwa na mtu yeyote. Nikiandika "Waliomaliza matibabu (% ya walioanza)" msomaji anajua agawanye nini kwa nini. Lebo imerefuka, sawa. Irefuke.

Kipimo nacho kiandikwe. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter cha NASA kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa msukumo wa injini kwa paundi-sekunde, ilhali makubaliano yalidai newtoni-sekunde, na programu iliyopokea namba hizo ikazisoma kama newtoni-sekunde. Tofauti ni ya mara 4.45 hivi. Namba peke yake haina uwezo wa kumkatalia anayeisoma vibaya. Kwa ripoti zetu za kila siku hasara haiwi chombo cha angani, lakini safu ya "Uzito" isiyosema kilo au gramu, au "Muda" usiosema siku au saa, iko kwenye njia hiyohiyo.

Na kuna thamani zenyewe, ambazo nazo zina lebo. Stata, programu nyingine ya takwimu, inalitenga hili kwa uwazi: lebo ya kigeu (yaani ya uga) ni kitu kimoja, lebo za thamani zake ni kitu kingine, ili 1 isomeke "Ndiyo" na 2 isomeke "Hapana". Mtindo wa kuweka 99 kwa maana ya "hakujibu" una madhara zaidi pale lebo hiyo inapopotea njiani. Wastani wa umri unapanda, na hakuna anayejua ni kwa sababu kundi zima la watu wasiojibu limehesabiwa kuwa na miaka 99.

Kwa anayeandaa fomu na ripoti kwa Kiswahili kuna mambo ambayo vitabu vya programu havitayataja. Programu nyingi huunda lebo zenyewe kwa kuunganisha vipande, na zinafanya hivyo zikidhani maneno hayaathiriani. Django, nyenzo maarufu ya kuundia tovuti, usipoipa wingi wa jina la jedwali huongeza tu herufi s mwishoni. Jedwali la mteja linatokea kwenye ukurasa wa msimamizi likiwa "Mtejas", la kitabu likiwa "Kitabus". Tiba ipo, ni mstari mmoja uitwao verbose_name_plural, lakini lazima ujue kwamba upo. Kigumu zaidi ni violezo vya sentensi. Kiolezo cha "%s mpya", ambamo %s ni nafasi inayojazwa jina, kinakwenda vizuri kwa mteja, kisha kinatoa "kitabu mpya" na "jina mpya". Kiolezo cha "%s imefutwa" kinaharibu karibu kila ngeli isipokuwa ile iliyotumika kukijaribu. Njia ninayoitumia ni kukwepa upatanisho kabisa: "Ongeza kitabu", "Ongeza mteja", na kwa taarifa za kukamilika, "Kufuta kumekamilika: Kitabu". Kitenzi-jina hupatana na chenyewe, na kinachowekwa baada ya nukta mbili hakidai chochote.

Urefu nao unasumbua. Maneno yetu hubeba viambishi vingi, na kichwa kinachoeleza jambo kwa ukamilifu mara nyingi hakiingii kwenye safu nyembamba ya karatasi. Wengi hukimbilia kufupisha, na ufupisho wa kiholela unaturudisha kwenye tar_mw_malp tuliyoikimbia. Bora kuwa na lebo mbili zilizoandikwa makusudi, fupi na ndefu, zote na mtu mmoja. DHIS2, mfumo unaotumiwa sana kwa takwimu za afya, umejengwa kwa wazo hilo. Kila kipengele cha data kina jina kamili, jina fupi kwa ajili ya michoro na majedwali, jina la kuonekana kwenye fomu ya kujazia, maelezo, msimbo, na kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 ambacho hakuna mtu anayetakiwa kukisoma. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni urasimu. Akishaandaa fomu ambayo mjazaji anahitaji "Wasichana chini ya miaka 5" na ripoti ya juu inahitaji maelezo kamili ya huduma iliyotolewa, anaelewa kila jina lina kazi yake.

Kwa wanaokusanya data kwa simu, muundo wa XLSForm unaotumiwa na ODK na KoboToolbox unafanya vizuri zaidi. Safu ya name ni ya mashine, haina nafasi. Safu ya label ni ya mtu, na unaweza kuongeza label::Kiswahili (sw) kando ya lugha nyingine, kila anayehojiwa akasomewa swali kwa lugha yake huku majibu yote yakiingia kwenye uga mmoja. Tatizo hujitokeza wakati wa kutoa data. KoboToolbox inakuuliza unataka vichwa vya majina au vya lebo, na wengi huchagua lebo kwa kuwa zinapendeza. Kisha dodoso lenye swali la "Nyingine (taja)" chini ya kila sehemu linatoa faili lenye vichwa vinavyofanana. Ukilisoma faili hilo la CSV kwa pandas, zana ya Python ya kuchambua data, linakuwa "Nyingine (taja)", "Nyingine (taja).1", "Nyingine (taja).2", na huna tena namna ya kujua ipi ni ya swali gani isipokuwa kuhesabu mpangilio, jambo ambalo Codd alitaka kutuondolea mwaka 1970. Toa data kwa majina, fanya uchambuzi kwa majina, weka lebo mwishoni kabisa, kwenye jedwali linalokwenda kwa msomaji.

Kuna waliopeleka utengano huu hadi ukingoni. Wakutubi walitangulia: muundo wa MARC, ulioundwa miaka ya 1960 katika Library of Congress chini ya uongozi wa Henriette Avram, hutambua nyuga kwa tarakimu. 245 ni kichwa cha kitabu, 100 ni mwandishi. Maktaba ya lugha yoyote huonyesha lebo zake juu ya tarakimu hizo. Wikidata, iliyoanza 2012, inafanya vivyo hivyo: tarehe ya kuzaliwa ni P569, na lebo zake zipo kwa lugha chungu nzima bila yoyote kuwa ndiyo "ya kweli" kuliko nyingine. Naupenda usawa huo. Lakini kwa timu ndogo siupendekezi, kwa sababu ulizo lililojaa P569 na P31 halisomeki bila kamusi pembeni, na timu ndogo mara nyingi haina wa kuitunza kamusi hiyo.

Hata hivyo, kamusi ya data inahitajika kwa kila timu, hata kama ni jedwali moja dogo ndani ya hifadhidata ileile: jina la uga, lebo fupi, lebo ndefu, fasili, kipimo, na nani anaulizwa. Viwango vya ISO/IEC 11179 vina sehemu nzima inayohusu uandishi wa fasili za data na nyingine inayohusu majina, na mgawanyo huo una hekima. Fasili iandikwe kwanza. Ukishaweza kusema kwa sentensi moja uga unapima nini, lebo huja yenyewe. Ukishindwa kuisema, lebo yoyote utakayoichagua itakuwa kubahatisha. Aiandike anayeijua kazi inayopimwa, muuguzi, mhasibu, mtunza ghala, halafu fundi wa hifadhidata aitafutie mahali pa kukaa. Mara nyingi inafanywa kinyume, fundi anabuni lebo kutokana na jina la uga, na mwenye kazi anaiona kwa mara ya kwanza siku ripoti inapotoka.

Jambo la mwisho ninalolisimamia bila kulegea linahusu uga ambao maana yake imebadilika. Utaratibu umerekebishwa, zamani tulihesabu kila aliyefika kituoni na sasa tunahesabu kila aliyehudumiwa. Rahisi ni kubadilisha lebo ya uga uleule kutoka "Waliofika" kuwa "Waliohudumiwa" na kuendelea. Lebo mpya ni ya kweli kwa data ya leo, na papo hapo imeipa data ya miaka yote iliyopita maana ambayo haikuwa nayo. Mchoro wa miaka kumi utaonyesha huduma zimeshuka ghafla, na mtu ataulizwa kwa nini. Katika hali hiyo nakataa kugusa lebo. Nafungua uga mpya wenye jina jipya na lebo mpya, na ule wa zamani unabaki na lebo yake ileile, ikiongezewa tarehe uliyofungwa: "Waliofika kituoni (hadi Desemba 2023)".